Upasuaji wa Kope: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kioo cha Nyumbani Hadi Kovu Kufifia

Upasuaji wa kope, yaani ngozi inayofunika jicho, huchukua saa moja au mbili, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kinachowashinda watu ni wiki mbili zinazofuata. Wanapaka vitu ambavyo hawakuambiwa wapake, wanalala kifudifudi, siku ya tatu wanajitazama kwenye kioo na kuamua kwamba daktari amewaharibu. Lipo na kundi jingine, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi: waliopasuliwa wakati tatizo lao halikuwa la kupasuliwa hivyo.

Pale maelekezo ya daktari wako yanapotofautiana na haya, fuata ya daktari. Yeye ndiye anayejua alikata wapi na alishona vipi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya upasuaji

- Gozi safi za hospitali, pakiti kadhaa, na bakuli dogo.
- Barafu ya kutosha siku mbili, iliyopondwa vipande vidogo.
- Mito mitatu au minne, mmojawapo mgumu.
- Matone ya machozi bandia. Chagua yasiyo na vihifadhi, kwa sababu utayatumia mara nyingi kwa siku.
- Marhamu ya macho aliyoandika daktari, hiyo hiyo na si inayofanana nayo.
- Parasetamoli.
- Miwani ya jua mipana na kofia yenye ukingo.
- Mtu mzima wa kulala nyumba moja nawe usiku wa kwanza, usafiri wa uhakika, na namba ya simu ya daktari inayopokelewa usiku.

Viondoe karibu na kitanda chako: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, peroksaidi (dawa ya vidonda inayotoa povu), spiriti, mafuta ya vitamini E na krimu yoyote yenye stiroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio). Sababu zake utazikuta mbele.

## Hatua ya 1: Jua kinacholegea ni nini

Simama mbele ya kioo, mwanga ukitokea mbele yako. Funga macho taratibu, legeza paji la uso, kisha weka kiganja juu ya nyusi ili zisipande. Sasa fungua macho huku kiganja kikiwa pale pale. Watu wengi huinua nyusi kutwa nzima bila kujijua, na ndiyo maana kiganja kinahitajika.

Angalia mambo matatu.

Ngozi. Kama ngozi inakunjana na kulalia nywele za kope, hilo ndilo tatizo ambalo upasuaji wa kope za juu hulitatua. Daktari hukata ngozi iliyozidi, wakati mwingine na mafuta kidogo, na kulificha kovu ndani ya mkunjo.

Ukingo wa kope. Kama ngozi si nyingi lakini ukingo wenyewe umeshuka na kufunika sehemu ya mboni, msuli unaoinua kope umelegea. Kupunguza ngozi hakutakufungua jicho. Huo ni upasuaji mwingine, unaorekebisha msuli.

Nyusi. Kama nyusi zimeteremka chini ya mfupa ulio juu ya jicho, kukata ngozi ya kope kunaweza kuzivuta chini zaidi, nawe ukatoka ukionekana mwenye hasira.

Kwa kope za chini, tenganisha mifuko na weusi. Inua kidevu na uso uelekee kwenye mwanga. Weusi ukipungua sana, ulikuwa kivuli cha mfuko au cha bonde lililo chini yake. Ukibaki vile vile, rangi imo ndani ya ngozi, na kisu hakiondoi rangi. Mikunjo ya pembeni mwa jicho inayotokea unapocheka nayo haiondolewi na upasuaji huu.

Tahadhari. Kope iliyoshuka ghafla, hasa ukiona vitu viwili viwili, kichwa kikiuma vikali au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni dharura ya hospitali leo leo. Na kope inayokuwa nzuri asubuhi ikashuka jioni mtajie daktari, kwa maana yapo magonjwa ya misuli yanayoanza namna hiyo.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja unachotaka kirekebishwe. Ukishindwa, bado hujawa tayari kulipia chochote.

## Hatua ya 2: Mweleze daktari yote, kisha muulize

Mtaje kila ugonjwa na kila dawa: presha, kisukari, tezi ya shingo, presha ya macho, makovu yanayovimba, dawa za kuzuia damu kuganda. Ukiwa na macho makavu, sema kabla hujaulizwa. Baada ya upasuaji kope hupepesa kwa uvivu kwa muda na jicho hubaki wazi zaidi, hivyo machozi hukauka haraka. Jicho lililokuwa linawasha kidogo linaweza kugeuka kidonda.

Daktari makini atayapima machozi kwa kipande cha karatasi kinachowekwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Karatasi ikilowa chini ya milimita 10, lazima mzungumze upya. Kama uliwahi kurekebishwa macho kwa leza, kawaida husubiriwa miezi 6 au zaidi. Wenye macho yaliyoathiriwa na tezi husubiri hadi ugonjwa utulie kwa muda kama huo.

Atapima pia ngozi. Kati ya nyusi na nywele za kope inatakiwa ibaki karibu milimita 20 baada ya kukata, la sivyo jicho halitafunga sawasawa. Kwa hiyo usimsihi akate "nyingi kabisa". Ngozi iliyobaki inaweza kupunguzwa baadaye. Iliyokwisha kukatwa hairudi.

Muulize ni kope zipi atagusa, atatoa mafuta au atayahamisha, ganzi ni ya sehemu tu au na dawa ya usingizi. Swali zito kuliko yote ni hili: "Nikivuja damu nyuma ya jicho usiku wa manane, nampigia nani na naenda wapi?" Anayekasirishwa na swali hilo, muage kwa heshima utafute mwingine.

## Hatua ya 3: Wiki 4 kabla

Acha sigara na shisha, na usizirudie kwa wiki 4 baada ya upasuaji. Nikotini hubana mishipa midogo, na kidonda kisichopata damu hupona kwa shida.

Wiki 2 kabla, acha dawa za maumivu zinazopunguza kuganda kwa damu zilizotajwa juu, pamoja na vidonge vya vitamini E, mafuta ya samaki, ginseng na vitunguu saumu. Watu huvisahau vya kundi hili la mwisho kwa kuwa wanaviona ni vyakula, si dawa.

Tahadhari. Kama aspirini, klopidogreli au wafarini uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia na atakayekupasua wazungumze kwanza. Kope nzuri hazifai kulipiwa kwa kiharusi.

Presha iwe imetulia. Presha ikipanda, hata mishipa iliyokwisha kuacha kuvuja damu inaweza kuanza upya.

Jipige picha tatu: macho yakitazama mbele, yakitazama juu, na yakiwa yamefungwa. Tumia dirisha lile lile na umbali ule ule kila mara. Ukipima kwa picha ya sherehe uliyopigwa zamani, utajidanganya.

## Hatua ya 4: Siku yenyewe

Nawa uso kwa sabuni laini, usipake chochote, vua lenzi za machoni kama unazivaa. Vaa nguo yenye vifungo mbele usije ukaivutia kichwani wakati wa kurudi. Usiendeshe gari. Ni hayo tu.

## Hatua ya 5: Saa 48 za kwanza

Hapa ndipo matokeo hupatikana au hupotea.

Baridi. Weka maji safi na barafu iliyopondwa kwenye bakuli. Chovya gozi, ikamue mpaka isidondoke, ilaze juu ya macho yaliyofumbwa. Ikianza kupata uvuguvugu, ibadilishe. Fanya hivyo dakika 10 hadi 15 kila saa ukiwa macho, kisha pumzisha ngozi.

Napendekeza gozi badala ya mfuko wa barafu kwa sababu mbili. Mfuko ni mzito, nao unakandamiza jicho na nyuzi. Halafu kope bado zina ganzi, na ngozi yake ni nyembamba kuliko nyingine yoyote mwilini. Barafu inaweza kuiunguza bila wewe kusikia kitu. Ukilazimika kutumia mfuko, uwe mdogo, na kitambaa kikae kati yake na ngozi.

Kichwa juu. Panga mito kuanzia mgongoni, si shingoni tu, ili kifua na kichwa vyote viwe vimeinuka kwa pembe ya digrii 30 hadi 45. Weka mto mwingine kila ubavu usije ukageuka usingizini. Kichwa kikiwa juu, majimaji hushuka. Ukilala chali bila mto, unaamka macho yamefumba kwa uvimbe.

Usijikaze. Usiiname kufunga viatu, usinyanyue ndoo wala mtoto, usijikamue chooni. Kunywa maji na ule mbogamboga tangu siku moja kabla. Ukitaka kupiga chafya, ipige mdomo ukiwa wazi.

Dawa. Nawa mikono. Paka marhamu mstari mwembamba juu ya nyuzi, kadiri ulivyoelekezwa, na matone ya machozi bandia kila macho yanapokereketa. Maumivu ya kawaida hutulizwa na parasetamoli. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24. Huoni afueni? Usiongeze vidonge, piga simu.

Kipimo cha kuona. Wengi hukiruka hiki, ilhali ndicho kinachookoa jicho. Chagua maandishi yaliyobandikwa ukutani, kwa mfano kalenda. Kila saa moja ukiwa macho, ziba jicho moja kwa kiganja bila kuligusa, soma mstari mmoja, kisha badilisha jicho. Fanya hivyo kabla ya kupaka marhamu, kwa kuwa marhamu hutia ukungu na utaogopa bure. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge macho kwa bandeji ambayo daktari hakuiweka: jicho lililozibwa halikuambii kitu.

Kope kuvimba, kuvilia damu hadi mashavuni, machozi yenye rangi ya waridi siku ya kwanza, na macho kutofunga vizuri usingizini, vyote hivyo ni kawaida. Jicho moja kuvimba zaidi kidogo nalo ni kawaida.

### Ukiona haya, nenda hospitali sasa

- Maumivu makali yanayoongezeka, hasa upande mmoja.
- Jicho linatokeza nje au limekuwa gumu.
- Uoni unapungua, rangi zinafifia, au unaona vitu viwili viwili.
- Uvimbe wa upande mmoja unaokua dakika baada ya dakika, pengine na kutapika.

Huenda damu inavujia nyuma ya jicho. Ni tukio la nadra, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za kwanza, lakini mgandamizo wake unaweza kuua neva ya jicho ndani ya saa mbili hivi. Matibabu huanza kwa kufungua nyuzi ili kuipunguza presha, na daktari wa zamu anaweza kuyaanza. Usisubiri kliniki ifunguliwe asubuhi. Usiweke barafu "uone kwanza". Ukiingia mlangoni sema: "Nimepasuliwa kope leo, na uoni unapotea."

## Hatua ya 6: Siku ya 3 hadi nyuzi kutolewa

Siku ya pili na ya tatu uvimbe huwa mkubwa kuliko ulivyokuwa ukitoka hospitali. Ndizo siku za watu kulia mbele ya kioo. Usihukumu chochote.

Barafu sasa haina kazi kubwa. Endelea kulala kichwa juu. Kuoga, maji yaanzie shingoni kwenda chini. Uso ufutwe kwa kitambaa kibichi, kuzunguka macho. Nywele zioshwe na mtu mwingine, wewe ukiegemeza kichwa nyuma.

Ukiona ukoko kwenye mshono, ulainishe kwa gozi yenye maji ya chumvi ya hospitali, ukandamize taratibu, uache. Usiukwangue na usisugue kwa kwenda na kurudi. Spiriti na peroksaidi huchoma tishu mpya, na tone moja likiingia jichoni utalijutia.

Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya. Kope zinakuwa nyekundu, zinavimba na kuwasha sana. Mgonjwa anadhani ni maambukizi, anaongeza marhamu. Mara nyingi ni mzio wa marhamu yenyewe, na neomaisini, antibayotiki iliyomo kwenye baadhi ya marhamu, inajulikana sana kwa hilo. Mzio huwasha. Maambukizi huuma, hupata joto, wekundu wake husambaa, hutoa usaha, na huweza kuleta homa. Vyote viwili vinahitaji simu kwa daktari, ila kwa kuwasha acha kupaka wakati unamngoja akujibu.

Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Usizicheleweshe kwa sababu ya safari, kwani zikikaa mno huacha alama na vijipele vyeupe. Wala usizivute mwenyewe hata kama uzi umechungulia.

Mambo yanakwenda vizuri ukiona mshono umefungana, hauna majimaji, na kila siku unaamka umevimba pungufu ya jana.

## Hatua ya 7: Wiki ya 2 hadi ya 6

Weusi wa damu iliyovilia hugeuka kijani, kisha manjano, na kwa wengi huisha ndani ya siku 10 hadi 14. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani sana, ila ngozi inaweza kuacha kivuli cha kahawia kinachochukua miezi. Jua hukirefusha, kwa hiyo miwani na kofia si za urembo.

Wanja na maskara visubiri wiki 2, na daktari aseme ndiyo. Tupa vya zamani ununue vipya, kwa kuwa brashi ya maskara hukaa na vijidudu. Kuondoa vipodozi ndiko kunakoharibu zaidi ya kupaka: lowesha pamba kwa kiondoa vipodozi, iweke juu ya kope kwa sekunde kadhaa, kisha ishushe. Usivute.

Lenzi nazo wiki 2 hivi, maana kuzivaa na kuzivua kunavuta kope. Mazoezi yaanze kwa kutembea. Kukimbia na kunyanyua vyuma kusubiri wiki ya 3 au ya 4, kuogelea wiki ya 4. Kope za kubandika zisubiri angalau wiki 6: gundi ni kero, kuzibandua ni hatari zaidi.

Kama jicho bado halifungi usiku, tumia marhamu ya kulainisha kabla ya kulala na umwone daktari. Kama kope ya chini inavutwa chini mpaka weupe wa jicho unaonekana sana, mwone wiki hiyo hiyo. Kusinga kope husaidia baadhi ya watu, lakini kwa mwelekeo na muda atakaokuonyesha yeye. Ukisinga kwa kubahatisha, unafungua mshono.

## Hatua ya 8: Kuitunza ngozi ya macho

Ngozi ikishapona, mambo ni machache kuliko wauzaji wanavyotaka uamini.

Asubuhi, paka krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi. Yenye zinki oksaidi huwasha macho kidogo kuliko nyingi. Mwenye ngozi nyeusi au anayepata madoa kwa urahisi achague yenye rangi, kwa kuwa oksaidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa. Usiku, krimu nyepesi isiyo na manukato, yenye seramidi au gliserini.

Paka kwa kidole cha pete, kwenye mfupa unaozunguka jicho, si hadi kwenye nywele za kope. Krimu husogea yenyewe kwa joto na kupepesa. Ukiipaka ukingoni, inaamkia jichoni.

Retinoli, aina ya vitamini A ya kupaka, ngoja miezi 2 tangu upasuaji, kisha anza na ya kiwango cha chini, usiku mmoja au mbili kwa wiki. Ngozi ikichubuka, pumzika. Ukiwa na mimba au unaitafuta, iache kabisa. Kwa kovu, jeli ya silikoni inaweza kusaidia mshono ukiwa umefunga kabisa, mradi daktari akubali hiyo uliyonayo itumike karibu na macho. Mafuta ya vitamini E yana mashabiki wengi, lakini huleta vipele vya mzio na sijaona sababu ya kuyapendekeza.

Tahadhari kubwa kuliko zote hapa. Krimu za kung'arisha ngozi zenye stiroidi zisikaribie macho. Mwezi wa kwanza zinapendeza, na hapo ndipo mtego ulipo. Zikiendelea kutumika huifanya ngozi ya kope iwe karatasi, mishipa ichomoze, na zinaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Chupa isiyo na orodha ya viambato, ichukulie kuwa inazo.

## Hatua ya 9: Pima matokeo kwa picha, si kwa kioo

Uvimbe mdogo hukaa hadi miezi 3, wakati mwingine 6. Kovu huwa jekundu au jeusi kwanza, na huendelea kufifia hadi mwaka. Kope zenyewe ni miongoni mwa sehemu ambazo makovu ya kuvimba hutokea kwa nadra, hata kwa wenye tabia hiyo kwingine mwilini.

Piga zile picha tatu tena kila mwezi, dirishani pale pale. Zilinganishe na za kabla, si na za jana. Kabla hujalalamikia macho kutolingana, angalia picha ya kwanza: karibu hakuna uso wenye macho yanayolingana, na huenda tofauti hiyo ulizaliwa nayo.

Ukiona bado kuna cha kurekebisha baada ya miezi 6, rudi na picha zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe, umwonyeshe daktari kwa kidole kitu kimoja kinachokusumbua, na uulize marekebisho hayo yatagharimu milimita ngapi za ngozi.